Dishi la Vioo na Mkaa wa Projestus

Jumamosi, 23 Agosti. Jua kali, wingu hakuna.

Watu wa kijiweni hapa Madale wameshazoea kunikatiza. Nikifika kwenye utamu wa habari, mmoja anaagiza kahawa, mwingine anamwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Nimeona bora niandike. Karatasi haiagizi kahawa.

Mie ni Mfaume, fundi madishi. Kutoka Mwenge mpaka Msasani hakuna paa la maana ambalo sijalikanyaga. Mwaka wa upepo mkubwa nilifunga dishi juu ya ghorofa nikiwa nimeng'ata nguzo kwa meno, miguu inapepea kama bendera, na picha ikatoka safi. Shule niliishia darasa la sita. Si kwa ujinga. Mwalimu aliona nakaribia kumpita.

Sasa habari yenyewe. Shaima, binti wa dada yangu Mahfudha, yuko chuo, anafanya utafiti wa mambo ya kuakisi mwanga. Kaniomba uwanja wangu na lile dishi la futi kumi nililolitoa kwa guta la mizigo kwenye hoteli moja iliyofungwa Msasani. Amelibandika vipande vya vioo ndani, kimoja kimoja, kama magamba ya changu. Leo tumelielekeza kwenye jua. Kashika kipande cha mbao kwa koleo, kakisogeza pale juu katikati ya dishi. Mbao ikatoa moshi, ikalia, ikawaka. Sikuwahi hata kumaliza kucheka.

"Mjomba, dishi halijui tofauti ya mawimbi ya TV na mwanga wa jua," akasema. "Kinachokuja kutoka mbele yake linakikusanya mahali pamoja. We pale unaweka elenbii ya kudakia mawimbi, mie naweka sufuria."

"Mwanangu, hayo nayajua tangu baba yako anauza vitambaa kwa pima."

"Najua, mjomba. Basi sharti langu ni moja. Likiwa halina kazi lifunikwe turubai, lifungwe kamba. Lisikae wazi linatazama juu, hata kidogo."

Anamfundisha nani dishi? Lakini nikaitikia.

Mtoto ana presha. Mwisho wa Oktoba walimu wake wanakuja kuliona likipika, naye aonyeshe vipimo vya msimu mzima. Wakiridhika anaendelea na masomo ya juu. Wasiporidhika, baba yake, Hamoud, keshasema: anarudi kukaa dukani Kariakoo, basi. Kaniomba siku asizokuja nimtumie hali ya mawingu kwa simu. Ndiyo maana nami naanza na mawingu.

Jumatatu, 25 Agosti. Wingu asubuhi, jua baadaye.

Upande wa kaskazini napakana na Projestus, muuza mkaa, mtu wa Bukoba, mabega kama mlango wa stoo. Kati yetu kuna uzio wa makuti tu, na banda lake la magunia limeuegemea. Leo Shaima akigeuza dishi, mwanga ukampiga Projestus usoni akiwa na gunia kichwani. Akajikwaa, nyusi ikapasuka. Kaja kwangu damu imefika kwenye shati.

"We Mfaume! Unanipofua na vioo vyako?"

"Shukuru umepata mwanga, tena bure."

Akanikaba kola. Nikampiga kichwa kimoja cha kitaalamu, kishindo kikasikika mpaka Tegeta. Jino langu la mbele lilidondoka, lakini hilo lilikuwa linalegalega tangu mfungo. Mkewe, Bernadeta, ndiye aliyetuachanisha, katumwagia ndoo ya maji aliyooshea mihogo.

"Watu wazima mnadonoana kama kuku! Projestus, nyumbani. Na wewe shemeji, okota jino lako, watoto watalikanyaga."

Alhamisi, 28 Agosti. Wingu. Jogoo wa Projestus kaingia kwangu. Hakutoka.

Ijumaa, 29 Agosti. Jua. Supu nzuri.

Jumanne, 2 Septemba. Jua kali.

Nakunywa chai, jiwe likapita dirishani likavunja birika. Nikarudisha mawili. La pili limempata mbwa wao mguuni, mfupa ukalia nikausikia. Bernadeta kambeba ndani mikononi bila kuniangalia. Yule mwanamke alipotea njia, kuolewa na lile gunia.

Jumamosi, 6 Septemba. Jua.

Kijiweni leo nimewaambia ukweli wao. Kwamba lile dishi nikiligeuza vizuri namkaanga mtu akiwa Tegeta, na ng'ombe mzima nambanika bila kumchuna. Walicheka, lakini cheko la woga. Bernadeta alikuwa anapita na beseni.

"Shemeji, mimi ukinikaanga weka na kitunguu."

Kijiwe kizima kikaanguka. Hata mie.

Jumanne, 9 Septemba. Wingu zito. Shaima kaja, kafuta vioo, kaondoka.

Jumapili, 14 Septemba. Jua.

Salumu muuza kahawa kanivunjia heshima mbele za watu. "Fundi madishi gani huna TV kwako? Unatuhadithia mechi za kwa wateja!" Nikamwambia Ijumaa jioni waje wote na viti vyao. Nina dishi la futi kumi. Litadaka mpaka stesheni za watu ambao bado hawajazaliwa.

Dishi lipi? akauliza. Nikasema dishi ni dishi.

Jumamosi, 20 Septemba. Sijaangalia juu.

Naandika habari ya jana. Nitaenda taratibu.

Ijumaa asubuhi Shaima alichemsha maji yake akapima, akafunika dishi, akafunga kamba, akaenda chuo. Nilimwona akifunga. Fundo lilikuwa zuri.

Alipokata kona nikalifungua. Nikafunga elenbii pale juu katikati, nikaivika dumu la plastiki lililokatwa, kama tunavyofanya sie mafundi kuikinga mvua. Setilaiti ninayoitaka iko karibu na utosi, imeinama kidogo kaskazini, basi nikalilaza dishi linatazama juu, mdomo wa chini upande wa uzio. Kama saa tano na nusu picha ikatoka kwenye TV niliyoazima kwa mteja, safi kama maji ya dafu. Doa la mwanga wa jua lilikuwa pembeni ya elenbii, zaidi ya shubiri nzima. Nikasema halijaigusa, salama. Turubai sikurudisha. Fundi akishayapata mawimbi, dishi haliguswi, hata nzi akitua unamfukuza kwa mdomo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Adhana ikalia, nikazima simu, nikaenda kuswali Ijumaa.

Tumetoa salamu tu, nikasikia yowe. Nilidhani mwizi. Nikakimbia na wengine, tena mie mbele, nina hamu ya kumpiga mtu. Nikakata kona nikaona moshi mweusi juu ya nyumba yangu.

Uzio ulikuwa umeshateketea. Banda la Projestus linawaka, viroba vinayeyuka na kudondoka moto kama nta, mkaa chini unapumua mwekundu. Bernadeta alikuwa ndani anajaza debe. Alitoka mwenyewe. Khanga imemganda mgongoni, haikuwa tena nguo. Mkono wa kushoto ameuinua mbele yake kama amebeba kitu cha mtu. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni Projestus. Alimvamia mkewe kwa mikono mitupu akawa anamchunia ile khanga, na ngozi ikafuata, ndipo Bernadeta akalia. Ile sauti bado iko kichwani mwangu.

Wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Watu wakamwaga mchanga na maji mpaka moto ukalala. Mie nikawasha simu nitafute msaada.

Ikaanza kuita. Mteja wa Msasani: "Fundi, picha imekatika!" Mteja wa Mwenge: "Fundi, tapeli wewe, mechi jioni na picha imekatika!" Kila Septemba, siku chache, jua likifika utosini linapita nyuma ya setilaiti, linaingia ndani ya dishi kwa njia ileile ya mawimbi, picha inakufa kwa muda. Nalijua hilo tangu ujana. Nimelila sana. Mteja akipiga namwambia subiri nakurekebishia kwa simu, nakunywa chai yangu, jua linapita, picha inarudi, ananishukuru.

Nilisimama na simu sikioni. Nikatazama dishi. Elenbii imebaki kibonge cheusi kinachonuka. Dumu halipo. Kuna mchirizi mweusi wa plastiki umeteremka juu ya vioo mpaka ukingoni, na chini ya ukingo ndipo yalipokuwa makuti.

Nikaing'oa ile elenbii na waya wake, nikaitupa chooni.

Mchana ukaisha, Shaima akarudi bila kujua kitu. Watu walikuwa wamejaa. Mmoja akasema, "Huyo hapo! Mwenye kioo cha kukaangia watu!" Maneno yangu yale ya kijiweni, neno kwa neno. Wakaingia uwanjani wakaanza kuvunja vioo kwa mawe. Shaima akakimbilia mbele ya dishi amenyoosha mikono. Jiwe likampata juu ya sikio. Kabla hajaanguka mtu akamvuta ushungi, mwingine akampiga teke la mbavu, mwanamke mmoja akamchapa na ndala huku analia. Nikachukua bomba la dishi nikaingia. Niliwapiga saba.

Watatu. Mmoja alikuwa ameshageuka anakimbia.

Jumatatu, 22 Septemba. Jua.

Shaima ameshonwa. Kalala kwangu, kwao hataki aonekane hivi. Bernadeta yuko wodini, hali mbaya, mkono haujulikani kama utapona.

"Mjomba," kaniambia leo, macho yako ukutani, "ni mimi. Sikufunga kamba vizuri. Nilikuwa na haraka."

Nilifungua mdomo.

"Bahati mbaya, mwanangu," nikasema.

Jumanne, 23 Septemba. Jua.

Jumatano, 24 Septemba. Jua. Polisi wamemwita Shaima, wamemuuliza maswali, wamemwambia asitoke Dar.

Jumapili, 28 Septemba. Wingu kidogo.

Hamoud kaja na gari lake kumchukua binti yake na mabegi. Shaima kagoma. Ameokota vipande vilivyobaki anavibandika upya, kichwa kina bandeji.

"Baba, nikiondoka sasa nimekimbia."

"Umemchoma mtu, Shaima! Unangoja nini, kumchoma wa pili?"

Hamoud alimpiga kofi. Mie nilikuwepo. Mie ambaye nimepigana na simba wa Mikumi, nilikuwa nimeshika kikombe.

Jumatano, 1 Oktoba. Jua kali, hata kuku hawatembei. Mawe mawili juu ya bati.

Jumamosi, 4 Oktoba. Jua la kuua.

Projestus kanyoa kichwa. Toka mkewe alazwe hajauza hata kopo moja la mkaa. Leo Shaima alikuwa anatoka getini, Projestus akamdaka kifundo cha mkono, akamgandamiza kwenye nguzo. Mkono wa pili panga.

"Mkono wa mke wangu umejikunja kama jani la mgomba," anasema taratibu, kama anamwelekeza njia. "Vidole vimeshikana. Nionyeshe wa kwako ni upi unaoandikia."

Nilitoka mbio nikampiga bomba kisogoni. Akapiga magoti. Nikampiga la pili begani, la tatu, damu ikanirukia mdomoni, na Mungu ananiona, nilitaka afe. Akifa hakuna wa kuuliza tena ule moto ulianzaje. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayohayo.

Aliyenidandia mgongoni ni Shaima. "Mwache, mjomba! Mwache! Ana haki!"

Projestus akainuka, akaokota panga lake, akaondoka anayumba. Shaima akabaki amekaa chini ya nguzo anausugua mkono wake. "Angeukata ningemwelewa," akasema.

Sikula.

Jumanne, 7 Oktoba. Jua. Mama Herieth, mwenyekiti wetu wa mtaa, katangaza mkutano uwanjani kwangu Jumamosi. Dishi livunjwe lote, na yeye aandike barua chuoni kwamba mtaa haumtaki Shaima wala utafiti wake.

Ijumaa, 10 Oktoba. Jua.

Jumapili, 12 Oktoba. Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelewa.

Jana walikuja wengi kuliko walioalikwa. Projestus alisimama mbele, kisogo kimeshonwa. Mama Herieth akamwita Shaima, mtoto akasimama katikati akaanza, "Ni kweli, siku ile mimi sikufu—"

"Kaa chini," nikasema. "Alifunga. Fundo lilikuwa zuri. Mie ndiye niliyelifungua."

Nikawaambia yote. TV, dumu, swala, choo.

Kisha Salumu akacheka kwa pua. Mwingine akafuata.

"Mfaume, leo tupumzishe!"

"Juzi ulikuwa unakaanga watu Tegeta, leo umechoma kwa elenbii!"

"Mzee Mfaume," Mama Herieth akasema kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko jiwe, "tunakuelewa. Ni mtoto wa dada yako. Lakini tusidanganyane mbele ya mtu mwenye mgonjwa."

"Wallahi—"

"Usiape," Projestus akasema. "Kwa heshima yake, usiape."

Nikaenda ndani nikachukua elenbii nyingine na dumu jingine. Ilikuwa imefika saa sita na nusu, muda uleule wa siku ya moto. Nikalilaza dishi vilevile, nikatoa turubai, nikasema tazameni, sasa hivi itawaka.

Haikuwaka. Doa la mwanga likatua pembeni, upande wa uzio, na likakaa hapo. Dumu liko mahali pake, baridi. Watu wakaanza kupiga makofi ya kunizomea. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nilisimama pale kama mtu aliyeletwa jana.

Shaima alikuwa amesimama. Ameliangalia doa, ameangalia jua, amenigeukia.

"Jua limehama," akasema. "Tarehe ile lilikuwa nyuma ya setilaiti kabisa. Sasa limeshuka kusini, doa limesogea kaskazini." Wala hakuwa anawaambia wao. "Mjomba. Ni kweli, ni wewe."

"Hao!" mtu akapaza sauti. "Wamepangana!"

"Lete bomba, tulivunje tukale!"

Wakasogea. Shaima akarudi mbele ya dishi, mikono amenyoosha kama ile siku, na safari hii mwenye jiwe kubwa alikuwa Projestus, ameliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Nikawaza: hawaniamini mdomo. Nikapandisha mkono wa shati, nikaunyoosha mkono wa kulia mpaka pale kwenye doa.

Kwanza hakuna kitu, mwanga mtupu, mweupe, mkono kama si wangu. Halafu nywele zikaisha zote kwa pamoja. Halafu ngozi ikalia, kama ile mbao ya siku ya kwanza ilivyolia. Nikanusa. Watu wakanusa. Nilitaka kusema "mnaona?" nikasikia mtu anabweka, kumbe mie. Mguu mmoja unataka kukimbia, nikaupiga kwa ule mwingine. Nikasema siutoi mkono mpaka jiwe lile lishuke.

Projestus akalitupa chini. Akaja akanipiga bega nikaruka nikaanguka mchangani. Akanikalia. Akanipiga usoni kwa ngumi za mtu anayebeba magunia, moja kwa kila neno: "We. Ulijua. Siku. Zote. Na. Mtoto. Ukamwacha. Anashonwa." Hakuna aliyemzuia. Wala mie sikuinua mkono, ule mzima.

Alipochoka alibaki amekaa juu ya kifua changu, analia.

Ijumaa, 17 Oktoba. Sijui mawingu. Dirisha la wodi linatazama ukuta.

Polisi wamechukua maelezo yangu, nitakuwa naripoti. Shaima hawamhitaji tena. Dada yangu Mahfudha kaja na uji, kauweka, kaondoka. "Nitarudi nikiweza kukuangalia, kaka."

Jumamosi, 25 Oktoba. Wingu, manyunyu.

Niko nyumbani. Walimu walikuja Alhamisi. Sikuwepo, kaniambia Mama Herieth. Dishi lina nusu ya vioo, na maji yalichemka, yalichelewa lakini yalichemka. Mmoja wao alitaka kuona ile alama ya dumu iliyoungulia kwenye vioo, akakaa nayo muda mrefu anauliza maswali. Shaima ameambiwa anaendelea.

Leo kaja na guta kulihamisha. Kalifunika, kalifunga kamba, kavuta fundo mara tatu. "Shikamoo, Mzee Mfaume," akasema. Mzee Mfaume. Nikaitikia marahaba. Nikawafungulia geti kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 27 Oktoba. Mvua.

Siku ya kufungwa vidonda. Kwenye benchi nje ya chumba cha bandeji nikamkuta Projestus. Hakunitazama. Nikakaa mwisho wa benchi. Ndani, nyuma ya pazia, sista alikuwa ameanza kubandua shashi, na nikaisikia ile sauti ya siku ile. Nikainuka niondoke.

"Nani huyo anayeinuka?" Bernadeta akauliza kutoka ndani, anahema. "Viatu hivyo vinavyoburuta. Shemeji?"

"Ni mie, Bernadeta."

Sista akavuta, Bernadeta akapiga kelele, akatulia.

"Usiondoke. Sema kitu."

"Nimeshasema yote. Wallahi sina kilichobaki."

"Si hayo. Hayo nimeambiwa, yamenichosha. Danganya."

Nilimtazama Projestus. Ameshikilia magoti yake, vidole vimekuwa vyeupe.

"Umesikia," akasema. "Danganya."

Ndani chuma kikagonga sahani, pumzi yake ikaanza kupanda tena.

"Mwaka ule," nikasema, "nilipoitwa Mikumi kufunga dishi shingoni kwa twiga..."

Yowe likakatikia katikati. "Twiga... gani?"

"Mkubwa. Jike. Anapenda taarifa ya habari."

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, analia. "Endelea."

Sista akashika bandeji nyingine, akavuta. Nikampandisha twiga ghorofani.